Juu ya Askari Waliochukuliwa Mateka na Wale Wasiojulikana Walipo

Maneno haya yalisemwa na mfasiri wa Serikali mbele ya baraza la wazee, akina mama na vijana mjini Machakos. Tunayachapa kwa faida ya wasomaji wetu ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo katika nyumba nyingi za Ukamba husemwa kwa sauti ya chini, au halisemwi kabisa. Ni habari ya askari waliokwenda vitani wasirudi, wala hakuna aliyeleta mwili wao au neno la hakika juu ya kifo chao. Tena ni habari ya wale waliokamatwa na adui wakiwa hai. Kazi yangu mimi ni kufasiri. Huyatoa maneno ya Kiingereza na kuyatia katika Kiswahili, yapate kusomeka na mtu wa mjini na mtu wa kijijini vilevile. Sikupata kuvaa nguo za kiaskari hata siku moja. Lakini ni kazi hii ya kufasiri iliyonifanya nilifikiri sana jambo hili, kwa sababu katika ukoo wetu neno moja lililofasiriwa vibaya lilileta msiba juu ya msiba. Niruhusuni nianze na habari hiyo.

Ndugu mkubwa wa babu yangu aliandikwa katika jeshi wakati wa Vita Kuu vya Pili. Wakamba wengi waliandikwa wakati ule, wengine katika Keya, wengine wakawa madereva, wengine katika mizinga. Walipigana Abisinia, wakavuka bahari kwenda Madagaska, kisha wakapelekwa Ceylon na Burma. Yeye aliwekwa katika mizinga. Aliacha mke mmoja, mtoto wa kike ambaye alikuwa bado hajaanza kutembea, shamba la mteremkoni, na kigoda chake cha miguu mitatu. Nyanya yangu, aliyekuwa ameolewa karibuni katika boma hilo, ndiye aliyenisimulia haya nilipokuwa mtoto, naye alikuwa na desturi ya kukitaja kigoda kwanza na shamba mwisho.

Mwaka 1944, mwezi nyanya hakuukumbuka, mzee wa kijiji alimwita baba yake yule askari. Karatasi ilikuwa imekuja, yenye mistari michache ya Kiingereza. Karani mmoja aliisoma na kuifasiri palepale mbele ya watu. Akasema, "Mwanao amepotea."

Sasa na tulitazame neno hili. Katika Kiingereza cha jeshi neno lililoandikwa lina maana moja tu, kwamba mtu huyu hakuonekana mahali alipopaswa kuwapo, na wakubwa wake hawana ushahidi kama yu hai, au amekufa, au amekamatwa. Halimsifu mtu wala halimlaumu. Lakini kupotea kwa Kiswahili ni neno lenye matawi mengi. Mbuzi hupotea kwa kuwaacha wenzake. Fedha hupotea kwa uzembe wa mwenye kuzishika. Na sisi tuliosoma katika shule za misheni tulifundishwa habari ya mwana mpotevu, naye hakuzamishwa na adui baharini, bali alikula mali ya baba yake katika nchi ya mbali. Basi watu waliokuwapo walirudi makwao na maana hizo vichwani. Kabla jua halijatua ilikwisha kusemwa mtoni kwamba ametoroka jeshini. Baada ya mwezi alikuwa ameoa mke huko Ceylon. Baada ya mwaka alikuwa na duka.

Simlaumu sana karani yule. Huenda alikuwa na karatasi nyingine nyingi mkononi, na hakuna aliyemwambia kwamba neno lile lilihitaji maelezo. Mimi mwenyewe nimepata kufasiri kwa haraka nikajuta. Lakini siku hizi, kila ninapokutana na neno hilo, huandika hajulikani alipo, hata kama nafasi ya kuandikia ni ndogo.

Yafuatayo ndiyo yaliyotukia kwa hakika, na ambayo jamaa yetu hawakuyajua kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa Februari 1944 meli tano za kuchukua askari ziliondoka Kilindini, Mombasa, zikielekea Colombo katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo chaitwa Sri Lanka. Zilikuwa zikilindwa na manowari. Mojawapo ya meli hizo iliitwa Khedive Ismail. Iliundwa mwaka 1922, na kabla ya vita ilikuwa ikichukua abiria wa kawaida. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Karibu elfu moja kati yao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika ya Mashariki, maofisa wao Wazungu pamoja na askari Waafrika. Waliobaki walikuwa mabaharia, askari wa vikosi vingine, na wanawake wauguzi na wa kazi nyingine za jeshi.

Jumamosi tarehe 12 Februari, alasiri, meli hizo zikiwa karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji, iliyoitwa I-27, iliipiga Khedive Ismail kwa topido mbili. Meli ile ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Fikirini, wazee wangu, dakika mbili. Mtu aliye chumba cha chini ya meli hawezi kupanda ngazi na kufika juu kwa muda huo, sembuse ngazi ikiwa imejaa watu. Walikufa watu 1,297. Waliookoka ni 214, na sita kati yao walikuwa wanawake.

Kuna jambo moja tena ambalo ni gumu kulisema, lakini lazima lisemwe. Ile manowari ya Kijapani ilijificha chini ya mahali palepale ambapo waliookoka walikuwa wakielea. Manowari ya Kiingereza Petard ililazimika kutupa mabomu ya chini ya maji pale walipo watu wao wenyewe, kwa kuwa adui akiachwa angezizamisha na meli nyingine zilizojaa askari. Mwishowe adui alizamishwa. Wanamaji waliofanya kazi hiyo waliishi nayo mioyoni mwao maisha yao yote. Mimi sina hukumu ya kutoa juu ya mkubwa aliyetoa amri ile. Naieleza kwa sababu inaonyesha kwa nini hapakuwa na miili ya kuzika, wala shahidi wa kusema fulani nilimwona akifa, na fulani sikumwona.

Tena wakati wa vita habari za meli kuzama hazikutangazwa upesi, ili adui asipate kujua alilolitenda. Kwa hiyo karatasi zilizokwenda vijijini hazikueleza jambo lolote. Na mahali pasipo habari, watu hutunga habari.

Nyumbani kwetu mambo yalikwenda hivi. Mke wa yule askari hakuwa mjane, wala hakuwa mke mwenye mume. Wazee hawakuweza kumpa ndugu wa mumewe amwangalie kwa desturi, maana mume huenda angerudi na kudai. Hawakuweza kumruhusu arudi kwao, maana mbuzi na ng'ombe wa mahari walikwisha kutolewa. Alikaa hivyo miaka tisa. Shamba la mteremkoni lilikaa pia, na jirani mmoja akasogeza mpaka kidogo kila msimu wa mvua, akijua kwamba hakuna mwenye kushtaki. Mama yake askari hakukubali mtu yeyote akikalie kile kigoda. Mgeni akija, hata awe mkubwa namna gani, aliletewa kingine. Nyanya alisema kwamba yule mama hakuwa akilia. Alikuwa akisikiliza. Mbwa wakibweka usiku aliamka na kutoka nje, akasimama, akarudi kulala. Alifanya hivyo mpaka alipokufa.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu watu wengi hudhani kwamba habari za askari wasiojulikana walipo ni habari za Wamarekani katika sinema. Ni habari zetu.

Nazo hazikuanza mwaka 1944. Wazee waliokuwa watoto zamani walisikia kwa baba zao habari za Kariakoo, yaani wapagazi wa vita vya kwanza, vya 1914 hadi 1918. Mwaka 1917 Serikali ilipotaka wapagazi kwa wingi wa kuifuata vita ya Wadachi mpaka kusini ya Tanganyika, kazi ya kuwakusanya ilipewa Bwana John Ainsworth, yule yule aliyekuwa mkubwa wa Serikali hapa Machakos miaka ya 1890, kabla makao makuu ya mkoa hayajahamishiwa Nairobi. Wanaume walichukuliwa katika kila wilaya, na Ukamba ulitoa sehemu yake kubwa. Wengi waliokufa hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, na homa, na vichomi, na chakula kisichowafaa kilichopikwa nusu. Walizikwa kando ya njia, na mvua moja ilitosha kulifuta kaburi. Mishahara ya maelfu yao ilibaki mikononi mwa Serikali bila mtu wa kuidai, kwa kuwa jamaa zao hawakupatikana au hawakutafutwa.

Mwaka huohuo wa 1917, huko Uingereza, iliundwa tume ya kutunza makaburi ya vita, ambayo leo huitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Sharti lake kubwa lilikuwa kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina lake, pasipo kutofautisha cheo, rangi wala dini. Ni sharti zuri. Lakini mwezi wa Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa taarifa ikikiri kwamba haikulitimiza kwa watu wote. Taarifa ile yasema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Siku ilipotolewa, waziri wa ulinzi wa Uingereza aliomba radhi mbele ya Bunge lao. Katika Nairobi, kwenye barabara ya Kenyatta, ziko sanamu za shaba za askari wa Keya, mpagazi na mwenzao, zilizosimamishwa mwaka 1928. Kwa muda mrefu sanamu ile moja ya mpagazi ilibeba mzigo wa kuwakumbuka maelfu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Sasa nije kwa mateka, maana hapo pia pana neno la kutengeneza.

Sisi humwita mateka mtu yeyote aliyekamatwa, awe askari aliyeshikwa vitani au mfanyabiashara aliyetekwa na wezi barabarani. Na watu wengine humwita mfungwa. Yafaa tuelewe kwamba askari aliyekamatwa vitani hakufanya kosa. Hakuhukumiwa na hakimu. Amezuiliwa tu, ili asirudi kupigana, na vita vikiisha yapasa arudishwe kwao bila kukawia. Hivyo ndivyo yasemavyo Mapatano ya Geneva ya tarehe 12 Agosti 1949, ambayo Kenya iliyakubali mwaka 1966 na kuyaingiza katika sheria zake miaka miwili baadaye. Mapatano hayo yanamtaka mateka ataje mambo manne tu, yaani majina yake, cheo chake, siku ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi. Akikataa kusema zaidi ya hayo hapaswi kuteswa. Kabla ya juma moja kupita tangu afike kambini yapasa aruhusiwe kuandika kadi ya kuwajulisha jamaa zake kwamba amekamatwa, na hali ya afya yake. Kadi nyingine ya namna hiyo hupelekwa Geneva, kwenye ofisi ya Msalaba Mwekundu inayotafuta watu waliotengana kwa vita. Ofisi hiyo ilianza kazi mwaka 1914, na katika vita viwili vikuu iliandika mamilioni ya kadi, moja moja, kwa mikono ya makarani.

Najua mtaniuliza, "Je, adui asiyekuwa serikali, naye atashika mapatano hayo?" Mzee mmoja aliniuliza hivyo kabla sijapanda hapa, na swali lake ni la haki. Mapatano yenyewe yana kifungu, cha tatu, kinachoyafunga hata makundi ya namna hiyo, kwamba mtu aliyeweka silaha chini asiuawe, asiteswe wala asidhalilishwe. Kwamba kifungu kipo ni kweli. Kwamba hakikufuatwa mara nyingi katika Somalia, hilo pia ni kweli, wala sitawaficha.

Ninyi nyote mwakumbuka tarehe 15 Januari 2016. Alfajiri ya siku ile kambi ya askari wa Kenya huko El Adde, waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Afrika, ilishambuliwa na Al-Shabaab na kutekwa. Mwaka uliofuata, mwezi huohuo wa Januari, kambi ya Kulbiyow ilishambuliwa pia. Hesabu ya waliokufa El Adde haikutangazwa rasmi wakati ule. Miili mingine ilikuwa katika hali isiyoweza kutambulikana kwa macho, hata ikabidi wazazi na ndugu watoe vipimo vya mwili, viitwavyo DNA, ili ijulikane huyu ni wa nani. Al-Shabaab nao walidai kuwa wamewashika wengine wakiwa hai, wakatoa picha. Jamaa za askari ambao hawakutajwa katika orodha ya waliokufa, wala hawakurudi, waliingia katika hali ileile niliyowaeleza ya mke wa ndugu ya babu yangu, isipokuwa kwamba sasa mbwa wanaobweka usiku wako ndani ya simu.

Juu ya picha hizo nina neno kwa vijana. Mapatano ya Geneva yanakataza mateka kufanywa kitu cha kutazamwa na watu. Picha ya askari wetu akiwa mikononi mwa adui, amepiga magoti, hutolewa na adui kwa kusudi, ili sisi tuitembeze. Kila mnapoituma kwa mwenzenu mnafanya kazi ya adui pasipo malipo. Tena mama yake huenda hajaambiwa. Mwanamke mmoja wa sehemu hizi alimwona mtu anayefanana na mwanawe kwa namna hiyo, katika simu ya kijana wa bodaboda, akiwa njiani kwenda sokoni. Haikuwa yeye. Lakini aliugua muda mrefu.

Wako pia wadanganyifu. Hupiga simu na kusema, "Nimemwona mwanao Kismayu, yu hai, tuma fedha nimpelekee dawa." Mzazi huuza ng'ombe. Naomba mlisikie hili vizuri: kazi ya kutafuta watu waliotengana na jamaa zao kwa sababu ya vita hufanywa na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, nayo hufanywa bure. Anayedai fedha kwanza ni mwizi, hata akijua jina la mwanao na jina la kikosi chake, maana majina hayo siku hizi huokotwa popote.

Kwa wale wenye shauri la shamba, mahari, au malipo ya jeshi, kuna sheria. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 118A, yasema kwamba ikithibitishwa kuwa mtu hajasikika kwa miaka saba na wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake kama angekuwa hai, basi atahesabiwa kuwa amekufa, mpaka uletwe ushahidi wa kinyume. Kwa wale wa El Adde miaka hiyo saba ilitimia Januari 2023. Nimewasikia akina mama wakisema kwamba kwenda mahakamani kuomba jambo hilo ni sawa na kumwua mtoto kwa mikono yao. Nawaelewa. Lakini sheria haimlazimishi mtu aamini moyoni. Inamwezesha mjane kulima shamba bila kunyang'anywa, na watoto kulipiwa shule. Laiti ingalitumika kwetu, mpaka wa shamba la mteremkoni usingesogea.

Nisisahau na wale waliokwenda mbali zaidi. Mwezi wa Novemba 2025 Wizara ya Mambo ya Nje ilisema kwamba Wakenya zaidi ya mia mbili huenda walikuwa wameingia katika jeshi la Urusi, katika vita vya Ukraine. Wengine wamesimulia kwamba waliahidiwa kazi za kawaida, wakafika na kuwekewa karatasi za lugha wasiyoijua, wakatia sahihi. Wako waliokamatwa na Waukraine, na wako ambao jamaa zao hawajasikia neno. Mimi mfasiri nawaambia vijana: usitie sahihi karatasi usiyoisoma. Na kabla hujapanda ndege, mwachie mama yako nakala ya pasipoti, jina la aliyekuandika kazi, na mahali unapokwenda. Huo si woga. Askari wa kweli huvaa kibati chenye namba yake shingoni kwa sababu hiyohiyo.

Namba! Hapa ndipo ninapotaka kumalizia, na hapa ndipo nilipopata maumivu yangu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Nairobi, katika makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya Ngong. Mahali pale pana ukumbusho wa askari wa Afrika ya Mashariki wasio na makaburi yanayojulikana, na sehemu moja imewekwa kwa ajili ya watu wa mizinga waliozama na Khedive Ismail. Pametunzwa vizuri, nyasi zimekatwa, na mtunzaji aliniongoza kwa upole. Nilisoma majina kwa kidole. Majina ya Kikamba yamo, na ukiyasoma kwa sauti wayatambua mara moja, ingawa aliyeyaandika hakuwa akiijua lugha. Nikakuta jina linalofanana na la ndugu ya babu yangu. Herufi moja imekosewa katikati, na mwisho wake umekatwa. Huenda ndiye. Huenda ni mtu mwingine, kwa maana jina lile kwetu ni la kawaida, kama Juma kwa watu wa pwani.

Nikatafuta katika daftari la Tume, ambalo siku hizi mtu yeyote aweza kulisoma kwa intaneti. Kila jina lina cheo, tarehe, na namba ya jeshi. Mengine yana hata jina la baba, na wilaya. La kwetu halina jina la baba. Lina namba tu. Kama tungekuwa na ile karatasi ya 1944 ningaliweka namba juu ya namba, na shauri lingekwisha siku ile. Lakini karatasi ilikuwa imewekwa juu darini, katika kikapu, na mchwa waliila zamani, kabla baba yangu hajazaliwa. Nyanya alikuwa amekwisha kufa. Shangazi yangu, yule mtoto aliyekuwa hajaanza kutembea, yu hai bado, ni mzee sana. Nilipomweleza nilichokiona aliniuliza kama jina lile limeandikwa juu au chini ya ukuta. Nikamwambia liko usawa wa kifua. Akasema, "Basi hawamkanyagi." Hakuuliza jambo jingine.

Wazee wangu, Tume ile imeanza kuyatafuta majina yaliyoachwa, ya Keya na ya Kariakoo, na daftari za zamani zimeanza kufunguliwa. Lakini daftari zina makosa ya herufi, na wapagazi wengi hawamo. Sehemu nyingine ya majina hayo imo vichwani mwenu, na katika masanduku ya mabati yaliyo chini ya vitanda vyenu: barua, medali, vitabu vya malipo, picha ya mtu aliyevaa kofia. Msivitupe. Vitoeni mahali penye mchwa, mvitie katika mfuko wa plastiki, na mwandike nyuma ya picha jina la mtu, la baba yake, na la kijiji. Na jamaa mwenye mtu asiyejulikana alipo leo, asimwache jirani amtungie habari. Mwambieni jirani wazi kwamba hajulikani alipo, na kwamba bado anatafutwa.

Nimeleta daftari. Nitakaa katika meza ile iliyo chini ya mti mpaka saa kumi, na kesho pia, kama mvua haitanyesha. Mwenye namba na alete namba. Asiye na namba na alete jina la mtu na la baba yake, nasi tutaliandika jinsi anavyolitamka yeye.